Tukio la Kwanza

Safari hii Mashavu Kiondo aliamua kuingilia upande wa machinjioni, maana upande wa soko alishauona wote. Alisimama kwenye tope la Kitundwe, tope lisiloshika viatu vyake, akawatazama watu wakimiminika kwenda kununua chumvi na mihogo. Nyuso zao zilikuwa zimefutwa, laini kama yai. Sheria ndiyo iliyotaka hivyo. Mtathmini kama yeye asije akamzoea mtu.

Malori yalikuja pale pale wanawake wa mwanzo walipoanza kufunga mizigo yao. Mawili yakaziba barabara ya juu, mawili yakateremka hadi njia ya mtoni. Vijana walioshuka walikuwa na mapanga mapya, bado yana grisi ya kiwandani, na bunduki chache tu, za kuwaswagia watu kwenye mapanga. Mashavu alijilazimisha kutazama, kwani ndiyo kazi yake: nani anaanza, nani anatoa amri, nani anasita. Kijana mmoja alisita. Alisimama mbele ya mwanamke aliyekuwa ameshika ungo, mkono ukamgoma, na mwenzake aliyekuwa nyuma yake akamkata yeye kwanza, kisha akamkata mwanamke. Ungo ukabiringika hadi mtaroni.

Alikwenda mpaka kwenye mashine ya kusaga. Mwenye mashine hakuhitaji sura ili Mashavu amjue. Alimjua kwa mwendo, ule wa kulalia kushoto kwa sababu ya mguu uliovunjika zamani. Kivuli chake kiliingiza watu ndani mpaka pakajaa, kikafunga mlango, kikaweka komeo. Wale vijana hawakuhangaika na mlango. Walimwaga dizeli kwenye magunia ya pumba yaliyokuwa nje, wakawasha, wakakaa kivulini kusubiri.

"Basi," Mashavu akasema. "Nitoe."

Kofia ikanyanyuka kichwani mwake. Alikuwa amelala kwenye kiti cha ngozi katika chumba cheupe huko Iringa, dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi, sweta limelowa jasho mgongoni. Hapakuwa na mtu aliyekufa. Kitundwe, mji wa ng'ambo ya mpaka katika nchi ya Lumera, ulikuwa bado mzima, watu wake wanapika, wanagombana, wanakwenda kwenye mashine kusaga. Siku ya soko ilikuwa bado haijafika.

Mtambo ule waliuita Kioo. Uliwajua watu wa Kitundwe mmoja mmoja: kwa simu zao, kwa sauti zao, kwa droni zilizoruka juu sana zisionekane, kwa yale waliyoyasema wapasha habari wa siri wa Idara huko chini, wale walioitwa masikio. Kwa kila mtu ulitengeneza kivuli, kinatembea anavyotembea, kinaogopa anavyoogopa. Kisha ulivisukuma vivuli vyote mbele, siku baada ya siku, na kuangalia vinafika wapi. Mwanzoni wataalamu waliucheka. Siku hizi hakuna anayeucheka.

*

Dakta Mwaipasi, mkurugenzi wa Idara ya Kinga ya Maangamizi, alikuwa ofisini kwake na hita ya umeme chini ya meza, amevua viatu, anapasha nyayo moto.

"Umeona nini?"

"Yale yale, Daktari. Nimeona na mmoja aliyekataa. Wenzake wakamuua."

"Aliyekataa hatusaidii. Wangekataa kumi ningesema kitu." Alimsogezea chupa ya chai. "Kaa."

Mashavu akakaa. "Waziri anasemaje?"

"Anasema alichosema juzi: Nipe tukio."

Wote wawili waliijua sheria ile kwa moyo. Miaka sita nyuma Kioo kilionyesha maangamizi katika mji wa Masuri, na serikali ya Shirikisho ikapeleka brigedi haraka, kabla hata ya kofi moja kupigwa. Wauaji wakaona askari, wakarudi porini. Masuri haikufa. Lakini askari kumi na mmoja walikanyaga mabomu ya ardhini wakiwa njiani, na mmojawao alikuwa mtoto wa dada yake Mwaipasi. Bungeni watu walisimama mmoja mmoja wakauliza: vijana wetu wamekufa kwa ajili ya nini? Onyesheni hao waliookolewa. Hapakuwa na wa kuonyeshwa, kwa sababu mtu aliyeokolewa kabla ya kushambuliwa hana jeraha, na mtu asiye na jeraha hafanani na aliyeokolewa. Ndipo ikatungwa sheria mpya. Picha za Kioo peke yake hazitoshi. Lazima kwanza auawe mtu mmoja wa kweli, raia, kwa sababu ya ukoo wake, na wauaji wasikike wakisema kwamba wengine watafuata. Hilo likithibitishwa, brigedi iliyopiga kambi mpakani inavuka siku hiyo hiyo.

"Jemadari wa hao wauaji anaisoma sheria yetu kuliko wabunge," Mashavu akasema. "Amewakataza vijana wake wasiguse hata kuku mpaka siku ya soko. Tukio la kwanza litakuwa mji mzima."

"Na tukiwatangazia watu wakimbie?"

"Nimejaribu mara nyingi. Barabara ni moja. Wanafia barabarani badala ya sokoni, na wanakufa wengi zaidi kwa sababu wamebeba watoto."

Mwaipasi akavaa viatu vyake, akafunga kamba polepole, kama mtu anayetafuta namna ya kuanza.

"Lipo tawi moja kwenye Kioo, mambo yanakwenda njia nyingine," akasema. "Jana niliingia mwenyewe. Jumatano, watu wa kizuizi cha Daraja la Bwera wanaua mtu. Wanajirekodi, kama kawaida yao, na wanasema yale maneno yote sheria inayoyataka. Brigedi inavuka. Siku ya soko malori yanafika barabara ya juu, yanaona vifaru, yanageuza. Mji mzima unabaki."

"Jemadari amewakataza kuua."

"Amewakataza, isipokuwa mtu mmoja. Wamejua kwamba Kitundwe kuna sikio letu. Wameipata namba ya simu. Amri iliyotumwa darajani inasema mwenye simu hii akipita, asirudi."

Mashavu hakuuliza sikio lipi. Kitundwe walikuwa na sikio moja tu, na kila alasiri kwa miaka mitatu yeye ndiye aliyeongea nalo.

"Faida anakwenda darajani Jumatano kununua dizeli ya mashine," Mwaipasi akaendelea. "Wewe unajua. Alikuambia wewe."

"Unataka nimtume akachinjwe."

"Sitaki umtume. Atakwenda mwenyewe. Nataka tu usimzuie."

"Kila safari ananiuliza barabara inasemaje, Daktari. Kila safari! Atauliza na kesho."

"Basi utamjibu." Alimtazama usoni, na macho yake hayakuwa ya mtu katili, ndiyo maana Mashavu alishindwa kumchukia pale pale. "Mama, nipe njia nyingine nitaishika sasa hivi. Watu elfu tisa. Umewaona wewe kwa macho yako. Mimi siwezi kulala tangu jana, na sikuambii ili unihurumie. Nipe njia nyingine."

Mashavu akanyanyuka, akatoka.

*

"Dada Mashavu, baridi ya kwenu haijakuua?"

Ndivyo Faida alivyoanza siku zote. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso, lakini Mashavu alimjua kuliko majirani zake mwenyewe. Alijua kwamba mumewe alikufa kwa kichomi, kwamba ana watoto wawili, na kwamba Songa, mdogo wa marehemu, kila mwezi anamkumbusha kuwa mashine ile ni mali ya ukoo na mjane mwenye akili huolewa humo humo alimo. Nyuma ya sauti yake mashine ilikuwa inanguruma.

Faida alitoa habari zake kama kawaida. Chumvi imepanda. Vijana wasiojulikana wamekodi nyumba mbili karibu na machinjio. Mwalimu mmoja kahama na familia yake bila kuaga. Kisha akasema, "Dizeli imekwisha kabisa, kesho nateremka darajani. Barabara inasemaje?"

Mashavu alifungua mdomo. Jibu lilikuwa neno moja tu: nzuri. Alishalisema mara nyingi, na kila mara lilikuwa kweli.

"Dada?"

"Faida, mdogo wangu, kaa chini."

"Nimekaa."

Akamwambia. Mazungumzo yote ya Idara hurekodiwa, na alijua kwamba neno lile la kwanza tu lilitosha kumfunga jela, lakini alipoanza hakuweza kusimama. Alimwambia habari za Kioo, za vivuli, za malori ya siku ya soko, za sheria, za daraja. Katikati alimsikia Faida akimpigia mtu kelele azime mashine. Mngurumo ukafa. Akasikika jogoo mmoja mahali fulani.

"Kwa hiyo mmeshatuona tumekufa," Faida akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Na wewe."

"Na askari wenu wako hapo mpakani. Mchana tunauona moshi wa jiko lao. Wanangoja nini?"

"Wanangoja maiti mmoja wa kweli."

Faida akacheka, kicheko kifupi kisicho na pumzi. "Mmoja tu?"

"Mmoja."

"Miaka mitatu nakuambia mambo ya watu. Nani ana homa, nani kagombana na nani. Nilidhani nakupa habari, kumbe nakupa udongo wa kutufinyanga tukiwa wafu! Na huyo maiti mmoja kwa nini asitoke kwenu? Huko Iringa hamfi?"

Faida hakungoja jibu.

"Sasa unataka niseme nini? Niseme nitakwenda? Nina watoto wawili, dada."

"Sitaki useme chochote. Sikuweza kukuacha uende bila kujua, ndiyo maana nimekuambia. Usipokwenda, sitakulaumu."

"Hutanilaumu." Faida alilirudia neno lile taratibu. "Aksanti, dada. Aksanti sana kwa kutonilaumu."

Kisha akauliza kwa sauti nyingine, sauti ya mtu anayeulizia bei, "Wanatafuta nini, sura yangu au simu yangu?"

"Simu. Sura hawaijui. Amri inasema mwenye simu hii."

"Haya," Faida akasema, na akakata.

*

Jumatano kulinyesha manyunyu Bwera. Mashavu na Mwaipasi walikaa bega kwa bega mbele ya skrini, na wakaona nukta ya simu ya Faida ikitoka Kitundwe, ikashuka mlima, ikaelekea darajani.

"Anakwenda," Mashavu akasema. "Mungu wangu, anakwenda."

Hakutegemea. Usiku kucha alijiandaa kuiona nukta ile ikikaa pale pale kwenye mashine, na kuvibeba vifo vya mji mzima kwa sababu ya mdomo wake. Sasa nukta ilikuwa inateremka, na kitu kama heshima, kitu kikubwa kinachouma, kilimjaa kifuani. Kumbe mtu anaweza kuambiwa ukweli wote na bado akaenda. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Droni ilionyesha guta la matairi matatu, madumu matupu yanarukaruka nyuma, na dereva aliyejifunika koti la mvua mpaka kichwani. Kwenye kizuizi vijana watano walitoka chini ya turubai. Mmoja akaomba simu. Akaiangalia, akaiangalia ya kwake, akawaita wenzake.

Kisha mawingu yakafunga, na hawakuona zaidi. Hawakuhitaji kuona. Video ya wauaji wenyewe ilikuwa mtandaoni kabla chai haijapoa, na Mwaipasi akaifungua kwa sababu sheria ilimtaka athibitishe.

Koti la mvua lilivuliwa. Ndani yake alikuwa mwanamume.

Alikuwa mnene kidogo, ana mwanya, na mwanzoni alikuwa anacheka. Aliwatolea sigara. Mmoja akaichukua, akaiweka sikioni. Wakamwonyesha simu, na yeye akasema, bado ana tabasamu, "Hii si yangu wakubwa, hii ya shemeji yangu. Kanipa nimpigie picha bei za dizeli." Wakamjibu kwamba kila sikio husema hivyo. Akawataja baba zao kwa majina, wawili kati ya wale watano, akasema mimi Songa, mnanijua, tulicheza mpira. Walimkata mikono kwanza, kwa sababu alikuwa anaikinga shingo. Ilichukua muda mrefu kuliko majaribio yote ya Kioo, maana kwenye Kioo Mashavu alikuwa na ruhusa ya kusema basi. Mwishoni yule aliyeshika simu akaigeuza kwenye uso wake mwenyewe, ana manyunyu kwenye kope, akasema kwamba huyu ni wa kwanza na ukoo mzima wa Kitundwe utafuata mpaka mto uwe safi.

Maneno yale yalitimiza kila kifungu. Mwaipasi akanyanyua simu ya mezani.

"Mheshimiwa Waziri," akasema, "tunalo."

*

Brigedi ilivuka mchana ule ule. Siku ya soko malori yalifika barabara ya juu, yakasimama kidogo injini zikiunguruma, yakageuza. Wanawake wa Kitundwe waliuza mihogo mpaka jua likapoa, wakafunga mizigo, wakarudi nyumbani.

Mashavu alikwenda kwa mkurugenzi kujitia mikononi mwake. Alisimama mbele ya meza na kusema kwamba yeye ndiye aliyemwambia Faida kila kitu.

"Najua," Mwaipasi akasema. "Nilikuwa nasikiliza."

"Na hukukata?"

"Kabla hujapiga nilikiuliza Kioo. Ukimwambia au usipomwambia, simu ilikuwa inafika darajani." Alisugua macho. "Sikukiuliza ni nani kaibeba. Ningeuliza ningejua, na nikijua ningefanya nini? Mwezi ujao Waziri anakwenda Kitundwe kuwapa pole. Utafuatana naye. Anataka wakuone."

Alipotoka humo, Mashavu alifanya jambo ambalo halikuruhusiwa. Aliitafuta namba ya kivuli cha Songa, kwa kuwa vivuli vilihifadhiwa kwa namba, si kwa majina, akakifuata peke yake katika kila jaribio walilowahi kulifanya. Alitaka kitu kimoja tu: kuona kwamba angekufa hata hivyo. Alitaka kumwona chini ya panga siku ya soko, mara nyingi iwezekanavyo.

Hakumwona. Katika majaribio yote Songa alikuwa hai jioni. Malori yakija, yeye alikuwa wa kwanza kuchupa kwenye kalvati chini ya barabara, na alikaa humo mpaka makelele yapungue. Kisha alitoka. Wengine waliopona hawakutoka, yeye alitoka kila mara, akamchukua mama yake mgongoni akapanda naye mlimani, akarudi, akachukua watoto wa watu, akapanda tena. Lilikuwepo jaribio moja ambalo wawili kati ya watoto wale walikuwa wa Faida.

Mashavu akazima mtambo, akabaki amekaa gizani na kofia mapajani.

*

Waziri alihutubia uwanjani, akapigiwa vigelegele, akaondoka na msafara. Mashavu aliomba gari moja limsubiri, akaenda msibani.

Ilikuwa nyumba ya bati na ua wa matete. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, na katikati yao mama yake Songa, kizee mdogo wa umbo, kanga imefungwa kiunoni kwa nguvu kama mtu anayejizuia kuvunjika. Mwanamke aliyekuwa akigawa chai aliinua kichwa, akatembea akilalia kushoto mpaka alipo mgeni, akamshika mkono. Faida alikuwa mfupi kuliko Mashavu alivyodhani. Uso wake ulikuwa na vishimo vya tetekuwanga mashavuni.

"Mama mkwe," akasema bila kumtazama mgeni, "huyu ndiye yule dada wa ofisi. Wale wenye mtambo."

Kizee akamvuta Mashavu akae, akaishika mikono yake yote miwili. "Mwanangu, nyinyi mmetuokoa. Watu wote wananiambia hivyo. Wananiambia damu ya Songa ndiyo iliyowaita askari."

"Ni kweli, mama. Pole sana."

"Nimeshapoa." Hakuwa amepoa hata kidogo. "Nilitaka kukuuliza kitu, na usinifiche, mimi ni mtu mzima. Wanasema mtambo wenu uliiona siku ya soko kabla haijaja. Uliwaona watu wote wa hapa."

"Uliwaona."

"Basi na yeye aliuawa siku hiyo, sivyo? Songa wangu. Kama wasingemuua darajani wangemuua sokoni. Siku zake zilikuwa zimekwisha tu." Mikono yake ilikuwa mikavu na ya moto. "Niambie angekufa tu, mwanangu. Nitaweza kula."

Faida alikuwa amesimama na birika, chai inatiririka nje ya kikombe, haioni.

"Angekufa tu, mama," Mashavu akasema. "Nilimwona mwenyewe."

Kizee akaachia pumzi ndefu, akainamisha kichwa, akaanza kulia kwa namna nyingine, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Wanawake wakamsogelea. Mmoja akamletea bakuli la uji, naye akalipokea.

Faida alimsindikiza mgeni mpaka kwenye gari. Walitembea polepole kwa ajili ya mguu wake. Mashavu alitaka kumwambia kwamba siku ile ya Jumatano alimlilia yeye, kwa kudhani ni yeye, lakini aliona ni jambo la aibu, akanyamaza.

"Alinifuata asubuhi ile kuniuliza tena habari za ndoa," Faida akasema. "Nikamwambia kaniletee dizeli kwanza, tutaongea ukirudi. Alifurahi. Kama angenisumbua siku nyingine sijui ningemtuma nani." Akasimama. "Uliyomwambia mama mkwe ni kweli?"

"Ni kweli."

"Alifia wapi?"

Dereva alikuwa amewasha gari. Mashavu aliona juu ya bega la Faida paa za mji, moshi wa majiko, watu wanaopita na madebe ya maji vichwani, na kila mmoja alikuwa na sura.

"Nyuma ya zahanati."

"Nyuma ya zahanati hakuna njia. Pana ukuta tu."

"Hapo hapo ukutani."

Faida akamtazama. Akamtazama kama mtu anayesoma mizani kabla ya kulipia, mpaka Mashavu akatamani aangalie pembeni na akashindwa.

"Mama mkwe atataka nimpeleke hapo aweke maua," Faida akasema hatimaye. "Nitampeleka kwenye ukuta huo. Na mimi nikija kukuuliza tena, mwaka ujao, au nikiwa mzee, utanitajia ukuta huo huo?"

"Huo huo."

"Usije ukasahau."

Akageuka, akarudi uani kugawa chai.